Maneno ya Kijeshi na Watu Wasiohesabiwa

Yako mazoea katika magazeti yetu, na katika redio vile vile, ya kuyapokea maneno ya kijeshi kama yanavyotoka kinywani mwa msemaji wa jeshi, kuyavika kanzu ya Kiswahili kwa haraka, na kuyatia mbele ya msomaji bila ya kumweleza maana yake. Msomaji naye huyachukua hadi barazani, na huko yakazaa maneno mengine. Leo napenda kuyasimamisha machache kati ya hayo na kuyauliza: umetoka wapi, una maana gani, na unamhesabu nani? Nasema unamhesabu nani kwa sababu fasili ya neno la kijeshi si shughuli ya wanachuo peke yao. Fasili hiyo ndiyo inayoamua nani ataandikwa katika daftari na nani ataachwa nje.

Sisi wakaazi wa Bondeni hatuna udhuru wa kuwa wageni wa maneno haya. Kutoka kwetu hadi Ngome Kuu ni mwendo wa miguu tu, na ngome ile, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, imepokea majeshi ya kila lugha, na kila jeshi liliondoka likatuachia maneno yake. Mreno alituachia bendera. Mwarabu alitupa jeshi, askari, amiri, risasi na handaki. Hili la mwisho tulilisikia chuoni tungali watoto, katika habari za Vita vya Khandaq vya mwaka wa 5 wa Hijra, pale Salman al-Farisi alipotoa shauri la kuchimba handaki kuukinga mji wa Madina. Mwingereza katupa meja, kanali na manowari. Nasi wenyewe hatukukaa mikono mitupu: tuliuona mzinga wa nyuki, gogo lililotobolewa ndani, kisha tukaiona silaha iliyofanana nao ikitema moto, tukaipa jina lile lile. Na gari la chuma lisilojali miba wala ukuta tuliliita kifaru, na kila aliyepata kumwona kifaru akikasirika alifahamu bila ya kuelezwa.

Lakini kulipokea neno ni jambo moja, na kulijua ni jambo jingine. Chukua neno jemadari. Leo ukilitaja, msomaji huona mkuu wa majeshi, mtu wa nishani kifua kizima. Neno hili limetufikia kutoka Uajemi na Bara Hindi, na katika jeshi la Waingereza kule India jemadari alikuwa afisa wa chini kabisa katika maafisa wenyeji. Hapa Mombasa, zama za utawala wa Maseyyid, jemadari alikuwa mkuu wa Mabulushi waliolinda ngome. Kwa hiyo anayesoma tarikh ya mji wetu na kukutana na jemadari, akadhani kwamba palikuwa na jenerali wa maelfu ya watu, amekwisha potea kabla ya kufungua ukurasa wa pili.

Akida ni mfano mwingine. Katika majeshi ya nchi nyingi za Kiarabu hivi leo neno hilo ni cheo cha kanali. Hapa kwetu alikuwa mkubwa wa kikosi cha ngomeni, na wazee hawajamsahau Al-Akida Muhammad bin Abdallah Bakhashweini, aliyemwasi Seyyid Barghash akajifungia ndani ya Ngome Kuu, hadi manowari za Kiingereza zilipoipiga ngome kwa mizinga mnamo Januari 1875. Vuka mpaka uende Mrima, katika utawala wa Wajerumani, utamkuta akida hana ngome wala kikosi; ni mtu wa serikali anayesimamia vijiji na kodi. Neno ni moja, na watu ni watatu mbali mbali.

Hata afande, neno ambalo kila mwenye kusimamishwa barabarani hulitamka kwa unyenyekevu, lina safari yake. Ni la Kituruki. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliwaajiri Wasudani kutoka Misri kuja kupigana upande wa Wajerumani katika pwani ya Tanganyika, nao walikuja na vyeo vya jeshi la Misri, ambavyo vilikuwa vya Kituruki: ombasha, shaushi na efendi. Ombasha na shaushi wamekwenda na Mjerumani. Efendi amebaki, amekuwa afande, na leo huitwa hivyo hata kijana aliyetoka mafunzoni jana.

Haya ni ya kufurahisha, na msomaji anaweza kusema: Ustadhi, tumefaidika, lakini hasara iko wapi? Jemadari akikuzwa au akishushwa, nani anayelala na njaa? Swali hilo ni la haki, na jawabu yake naianza kwa neno askari.

Katika Kiswahili chetu, askari ni mwanajeshi, askari ni polisi, askari ni mlinzi wa usiku anayekaa na rungu mlangoni pa duka. Mitaani hatupati taabu, maana tunamwona mtu mwenyewe. Taabu ni katika habari. Tarehe 25 Juni 2024 kundi la kwanza la polisi wa Kenya lilitua Port-au-Prince, nchini Haiti, kupambana na magenge yenye bunduki. Siku hiyo hiyo, hapa nyumbani, vijana walikuwa mabarabarani wakipinga Mswada wa Fedha, na serikali ikatangaza kwamba Jeshi la Ulinzi linapelekwa kuwasaidia polisi. Angalia mambo yalivyopishana: polisi wamekwenda ng'ambo kufanya kazi inayofanana na ya jeshi, na wanajeshi wameitwa nyumbani kufanya kazi inayofanana na ya polisi. Mwenye kusoma kwamba askari wametumwa, ataelewa lipi?

Na tofauti hii si ya mavazi. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 241, inatenganisha mambo mawili. Kuna wanajeshi kusaidiana na mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na hapo Bunge la Taifa hupewa taarifa. Kuna wanajeshi kupelekwa kurejesha amani mahali penye machafuko, na hapo Bunge lazima litoe idhini. Bunge lilipitisha hoja yake tarehe 26 Juni, siku moja baada ya tangazo. Raia asiyejua tofauti ya kusaidia na kurejesha amani hawezi hata kuuliza kama sheria imefuatwa au haikufuatwa. Basi neno likichanganywa, haki ya kuuliza nayo inapotea.

Tena neno hili askari limewahi kuwafungia watu mlango. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, waliopigana chini ya Waingereza katika Afrika Mashariki walikuwa askari wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, pamoja na majeshi ya kutoka India na kwingineko. Lakini nyuma ya kila askari palikuwa na watu waliobeba unga, risasi na majeruhi vichwani na mabegani, kupita vichaka na mito. Hao ndio watu wa Kariakoo, jina lililobaki katika mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi, nalo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wachukuzi. Hesabu za serikali ya kikoloni yenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000 vya wachukuzi, wengi kwa maradhi na njaa. Lakini katika fasili ya jeshi, mchukuzi hakuwa askari. Alikuwa mfuasi wa jeshi. Askari alipata kaburi na jina, na hata huyo si kila mara akiwa Mwafrika. Mchukuzi alipata shimo.

Kwa zaidi ya miaka mia jambo hilo lilikaa kimya. Mwezi wa Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu za askari ziko papa hapa Mwembe Tayari, na maandishi yake yanawataja wachukuzi pia. Yanawataja kwa jumla. Majina hayako. Nauliza tena: fasili ya neno ni mchezo wa wanachuo?

Sasa tutazame neno kubwa kuliko yote, vita vyenyewe. La kustaajabisha ni kwamba mwenye nguvu aghalabu hapendi kuliita jambo vita. Mwaka 1905 watu wa kusini mwa Tanganyika waliposhika silaha, Mjerumani aliandika kwamba ni uasi. Watu waliopigana waliviita Vita vya Maji Maji. Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza Kenya hali ya hatari. Yalikuja majeshi, zikaja ndege za kuangusha mabomu misituni, zikajengwa kambi za kufungia watu maelfu kwa maelfu, na bado haikuwa vita. Ilikuwa hali ya hatari. Maana aliyekamatwa vitani huitwa mfungwa wa vita, na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inamlinda. Hapigwi risasi wala hanyongwi kwa sababu tu alibeba silaha. Aliyekamatwa katika hali ya hatari huitwa mhalifu, na zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama zama zile. Ilipofika tarehe 6 Juni 2013, ndipo serikali ya Uingereza ilipotoa tamko la kusikitika na kukubali kuwalipa wazee 5,228 waliotendewa unyama katika kambi hizo. Wengi wa wenzao walikwisha tangulia mbele ya haki.

Wala tusimlaumu Mwingereza peke yake kana kwamba sisi tumetakasika. Baada ya uhuru, mwaka 1963 hadi 1967, palipiganwa vita kaskazini mashariki mwa nchi yetu, na walioshika silaha kutaka kujiunga na Somalia waliitwa shifta. Shifta ni neno la Kihabeshi, maana yake mnyang'anyi wa njiani. Mnyang'anyi hana madai ya siasa, hana wa kuzungumza naye, na jirani yake hushukiwa kwa ujirani tu. Vita vilimalizika, neno halikumalizika. Likaendelea kuwaandama wafugaji ambao hawakuwahi kushika bunduki, na sheria za hali ya hatari katika sehemu zile hazikuondolewa hadi mwaka 1991.

Pakaja na neno jingine, operesheni. Hospitalini, operesheni ni kukata ili kuponya. Kijeshi, operesheni ni shughuli yoyote iliyopangwa, iwe ya kugawa maji wakati wa mafuriko au ya kushambulia mji. Neno limepanuka kiasi cha kwamba halisemi lolote. Mwezi wa Februari 1984, katika kiwanja cha ndege cha Wagalla karibu na Wajir, wanaume walikusanywa katika kile kilichoitwa operesheni ya usalama. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Walionusurika walisema ni mamia kwa mamia, wengine wakataja maelfu. Katikati ya hesabu hizo mbili kuna watu, wana majina na wana watoto, na neno operesheni limewafunika kama mkeka.

Kuhusu hesabu, liko neno la kijeshi la Kiingereza ambalo sisi waandishi tunalitafsiri vibaya karibu kila siku. Sote tumeliona likibandikwa mlangoni pa hospitali, pale wanapopelekwa watu wa ajali, na kwa hivyo tumezoea kulifasiri kuwa majeruhi. Jeshini maana yake si hiyo. Jeshini linamhesabu kila mtu ambaye kikosi kimempoteza na hakiwezi tena kumtumia: aliyeuawa, aliyejeruhiwa, aliyetekwa, aliyepotea asijulikane alipo, na hata mgonjwa. Kwa hivyo taarifa ikitaja hesabu ya watu 30 kwa neno hilo, na mwandishi mmoja akaandika majeruhi 30, na mwenzake akaandika waliouawa 30, wote wawili wamesema uongo bila ya kukusudia. Mmoja amewaficha maiti. Mwingine amewaua walio hai.

Fikiri athari yake. Tarehe 16 Oktoba 2011 majeshi yetu yaliingia Somalia. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilishambuliwa, na wanajeshi wengi wa Kenya waliuawa. Hesabu kamili haikutolewa hadharani na serikali. Siku zile familia zilikuwa zikishika kila neno la redio na kuligeuza huku na huku: huyu aliyepotea ni aliyekufa? Aliyetekwa ni majeruhi? Mama ambaye mwanawe yuko vitani hasomi gazeti kama tunavyolisoma mimi nawe. Yeye hulisoma neno moja moja, kama mtu apitae juu ya daraja bovu. Kumpa mtu huyo neno lisilo na mpaka ni dhuluma.

Na shughuli yenyewe ilipewa jina la Kiswahili, Linda Nchi. Mimi nafurahi Kiswahili kinapopewa kazi, lakini lazima niseme kwamba jina la shughuli ya kijeshi si fasili yake. Jina huchaguliwa ili kuwatia watu moyo. Kulinda, katika lugha ya kila siku, ni kusimama mlangoni pako. Kuvuka mpaka kumfuata adui ni jambo jingine. Laweza kuwa la haki au lisiwe la haki, wenye kujua sheria watahojiana, lakini si kusimama mlangoni. Mwandishi ana haki ya kulitaja jina, na ana wajibu wa kueleza kilichofanyika.

Hali ni hiyo hiyo katika neno walinda amani. Mlinda amani, kwa maana ya asili, huja baada ya wagomvi kukubaliana, akasimama katikati yao kwa ridhaa yao, na silaha yake ni ya kujihami. Lakini mwezi wa Machi 2013, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda kikosi cha kwenda mashariki mwa Kongo kupambana na makundi yenye silaha, na wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi wakaingia katika kikosi hicho. Walikwenda kupigana. Desemba 2017, katika kambi ya Semuliki, wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio la siku moja. Magazeti yaliandika walinda amani wameuawa, na msomaji akashangaa: mlinda amani yuauawaje penye amani? Hapakuwa na amani ya kulinda. Ingelikuwa wazi zaidi tuseme kwamba walipelekwa kuisimamisha amani kwa nguvu.

Liko na neno la mwisho, la kumaliza vita. Tunaandika amani imepatikana, kumbe waliokubaliana wamekubali kunyamazisha bunduki kwa siku tatu. Kusitisha mapigano ni kupumzisha silaha. Sulhu ni kukubaliana juu ya masharti kwa muda maalumu. Mkataba wa amani ni kuvimaliza vita vyenyewe. Kule Korea bunduki zilinyamazishwa kwa makubaliano ya tarehe 27 Julai 1953, na mkataba wa amani haujatiwa saini hadi leo. Waliotangulia walizijua tofauti hizi. Katika Sulhu ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra, Suhail bin Amri alikataa maneno Mtume wa Mwenyezi Mungu yasiandikwe katika hati, na Mtume (S.A.W.) akakubali liandikwe jina lake na la baba yake. Muda ukawekwa, miaka kumi. Kila neno lilipimwa pale, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba neno litakaloandikwa ndilo litakalofuatwa.

Wapo watakaosema kwamba jeshi lina siri zake, na kwamba mwandishi mwenye kuuliza sana humsaidia adui. Siri zipo, na ni haki ziwepo. Mahali pa kambi ni siri, saa ya kuondoka manowari kule Mtongwe ni siri. Lakini maana ya neno haijapata kuwa siri ya jeshi. Adui anajua alichokifanya. Asiyejua ni raia.

Basi rai yangu ni hii. Kila chumba cha habari kiwe na orodha yake ya maneno ya kijeshi, kila neno na fasili yake fupi, na mwandishi asiandike hesabu ya watu ila aulize: waliouawa wangapi, waliojeruhiwa wangapi, waliotekwa wangapi, wasiojulikana walipo wangapi. Kama hakujibiwa, aandike kwamba hakujibiwa. Tuandike mwanajeshi tunapokusudia mwanajeshi, na polisi tunapokusudia polisi. Na wasemaji wa jeshi letu watoe taarifa zao kwa Kiswahili kilichopimwa, maana hiyo ni lugha rasmi ya nchi kwa Katiba. Wenzetu wa Tanzania, tangu kuundwa kwa jeshi lao mwaka 1964, wamejitahidi kupanga vyeo vyao kwa Kiswahili, na leo luteni usu na luteni hawachanganywi hata na mtoto wa shule. Walioweza kuvipanga vyeo wanaweza kuyapanga na maneno mengine, nasi tunaweza pia.

Mwandishi mwenzangu anayeingia katika kazi hii leo, na atakayepokea taarifa usiku wa manane na gazeti likingoja, namwachia beti hii moja:

Neno kwanza lifasili, ndipo ulipe safari,
Neno lisilo dalili, silifanye ni habari,
Kuna mama yuko mbali, amngoja askari,
Mwambie lililo kweli, la heri au la shari.